Ngoma za Umeme Nilizozisikia Peke Yangu

Shilingi mia tano nilizokataa kumpa mwenye spika zimenigharimu elfu thelathini, na jina pia, maana siku hizi nikifika Bungoma hata wauza mahindi ya kuchoma wananiita Mtungi. Aibu nimeikubali. Kosa, hapana.

Mimi ni mpiga ngoma wa bendi moja ya Kitale. Hatutungi nyimbo, tunapiga za wenyewe, rumba za wazee, injili, chochote harusi italipia. Ngoma zetu za zamani zilikuwa zinajaza pikapu nzima (na mwenye pikapu alizitoza nauli kama abiria), kwa hivyo nikawashawishi wenzangu tuziuze kwa kanisa moja la Myanga, tununue za umeme, zile sahani za raba zinazoingia kwa begi moja, ukigonga sauti inatoka kwa kisanduku. Simiyu, kiongozi wetu, hakutaka.

"Na zikituaibisha?"

"Zikituaibisha, zile za zamani nitazikomboa na pesa yangu." Mbele ya bendi yote! Mdomo huu.

Harusi ya kwanza ilikuwa Bungoma. Barasa, mwenye spika za kukodisha, akaziangalia ngoma zangu akasema, "Hii ni mashine, bana. Waya yake ya kuingia kwa spika ni mia tano zaidi." Nikamwambia tangu dunia iumbwe ngoma haijawahi kulipiwa waya, tukavutana mpaka muda wa kujaribu sauti ukaisha na maharusi wakawa wanaingia hemani, ndipo akainua mikono. "Sawa, mkubwa. Umeshinda." (Mtu akikubali ghafla, muulize amekubali nini. Ati mimi ndiye huwafundisha watu hiyo.)

Nikavaa hedifoni za kile kisanduku, nikaanza. Tamu! Nikafumba macho. Nikiyafumbua naona watu wanacheka, nasema harusi imenoga, Simiyu ananipungia mkono, nadhani anataka niongeze, naongeza, halafu akaacha gitaa na wengine wakanyamaza, nikajua nimepewa nafasi yangu peke yangu, basi nikajimwaga, jasho linatiririka, nikarusha fimbo juu nikaidaka.

Kumbe Barasa hakuchomeka waya yoyote. Sauti yote ilikuwa masikioni mwangu. Hema zima lilikuwa linasikia raba: pu, pu, pu, kama mtu anakung'uta godoro.

Akaja shangazi ya bibi harusi, noti mkononi. Nikainamisha kichwa anibandike kwa paji la uso, maana hivyo ndivyo mpigaji hutuzwa. Akavuta hedifoni sikio moja.

"Kijana wangu, hii ni mazoezi ama ndiyo harusi yenyewe?"

Noti ikarudi kwa mkoba. Hema likaangua kicheko. Nikamtazama Barasa, akanionyesha vidole vitano. Nilipe mbele ya watu wote hao? Wapi! Shangazi akaagiza mtungi wa maji, ule wa plastiki, mtupu, akauweka katikati ya magoti yangu. "Piga huu. Hauna waya."

Nikaupiga. Na si kujisifu, niliupiga! Wazee waliinuka wakatingisha mabega, hata Barasa akaacha spika zake akaingia uwanjani.

Lakini Simiyu ni Simiyu. "Aibu ni aibu hata ikichezwa," akasema, na neno nililotoa likanipeleka Myanga. Mchungaji aliona shida usoni mwangu kabla sijamsalimia. Ngoma alizonunua kwetu kwa elfu ishirini na mbili sasa zilikuwa thelathini. Nikabishana naye mpaka nikakauka koo, akaniombea, tukasema amina, bei ikabaki pale pale.

Nalipa, sikatai. Ila ngoma za umeme hazikukosea hata pigo moja, na mashahidi ninao wawili, sikio la kulia na la kushoto. Siziuzi. Harusi ijayo nitaichomeka hiyo waya kwa mikono yangu.

Shida ni kwamba harusi yenyewe iko Webuye, na wenye kuita bendi wametoa sharti moja: yule wa mtungi aje na mtungi. Simiyu amekubali bila kuniuliza. Halafu jana Barasa amenipigia simu, sauti tamu kama ya mkwe. "Mkubwa, mtungi kwa hema kubwa hausikiki bila maiki. Na maiki, unajua, ni mia tano zaidi."

Sasa nyinyi wenye akili, nishaurini. Nimlipe?