Sweta la Kaka

Sikupata usingizi, nikijiuliza kama sweta lile la kaka lilikuwa la bluu kweli au ni mimi niliyelitia rangi baadaye. Harufu ya sufu iliyolowa, ya sweta langu nililolianika chumbani, ndiyo iliyonirudisha utotoni.

Tulikuwa tumejifungia nyumbani Gisozi, wauaji wakizunguka nje, tukisema kwa kunong'ona. Mama alikuwa msusi wa vikapu. Kila alipokosa cha kusuka, alisimama akashika komeo la mlango, atoke kumtafuta kaka aliyekwenda kuchota maji asirudi. Nyasi za kusukia zilipokwisha, akachomoa za godoro letu.

"Tutalalia nini?"

"Mbavu zako. Si zimeshatokeza?"

Tukacheka tumeziba midomo. Kisha mkonge wa kushonea nao ukaisha. Mama akachukua sweta la shule la kaka, akatafuta ncha ya uzi.

"Mama! Akirudi atavaa nini?"

Alilinusa, akaliweka chini, akautazama mlango. Niliwaza kwamba tukilifumua tutakuwa tumekubali kuwa harudi. Tusipolifumua, Mama atatoka.

Alipoanza kuinuka, nililivuta sweta mapajani, nikakata ncha kwa meno, nikaanza kufumua mkono mmoja. Uzi nikampa yeye.