Roboti Nyekundu Iliyofungwa Mikono Kinyume

Niliyeyusha roboti ya kaka yangu kwa moto wa kuchomea dhahabu. Nasema mapema, maana darasani wananijua kwa kuzungukazunguka nikiulizwa daftari.

Roboti zilikuwa nne. Kaka alizinunua mpakani Sirari kwa Mkenya mmoja, siku duara lao, shimo la dhahabu la Kewanja, lilipotema kidogo. Wenzake walinunua pikipiki. Yeye, mtu mzima mwenye ndevu, akarudi na midoli na kuipanga kwenye kabati la sebuleni.

"Hizi si za kuchezea, mura," aliniambia. "Ni za kutunza."

Zote zilikuwa na kasoro za kiwandani, ndiyo maana Mkenya aliziachia. Moja goti lililegea, ikawa inaanguka kama mlevi wa gongo. Kaka akanifundisha: chomoa goti, paka tone moja la supaglu, acha likauke kabisa, ndipo urudishe. Ukirudisha bichi, umeizika. Nyingine mbili shingo hazikugeuka. Tukazichovya kwenye maji ya moto, plastiki ikalainika, tukachomoa vichwa na kukwangua ncha kwa wembe.

Ikabaki nyekundu. Huko kiwandani mtu alisinzia akaifunga mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, viwiko vikawa vinakunjia nyuma. Tena alimwaga gundi mabegani, maji ya moto yakashindwa.

"Hii tutaimalizia nikirudi," kaka alisema, akaenda upande wa Serengeti, walikosikia mawe mapya ya dhahabu yametoka. Wiki ya kwanza alipiga simu. Wiki ya pili duara moja huko likatitia. Majina yakasomwa, ya waliotoka na ya waliokufa. Lake halikuwepo kokote.

Tangu hapo mama alifuta vumbi roboti zile kila asubuhi. Nyekundu haikuguswa na mwingine. "Akija aikute alivyoiacha," alisema. Nilikuwa kidato cha pili, nikaingia cha tatu. Majirani wakaacha kuuliza. Mimi nikaendelea na utani: "Mama, akirudi atakuta nimeota ndevu na roboti zimezaa." Hakucheka. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja mtu mmoja, na ile nyekundu inanitazama nikila ugali, mikono nyuma kama mkuu wa shule.

Nikaichoka. Nikasema naimaliza mwenyewe, kaka akirudi nimwambie amechelewa.

Kwetu kitu kikikataa maji kinapelekwa kwenye moto. Mzee jirani hununua dhahabu na kuchoma zebaki iliyoshikamana nayo, nyuma ya duka lake. Nikamfuata.

"Shikamoo, mzee. Naomba moto kidogo, wa begani tu."

"Marahaba. We mtoto, hiyo si plastiki?"

"Ya kigeni hiyo, mzee. Ngumu."

"Na ujinga wako nao ni wa kigeni?"

Akaitwa na mteja mbele ya duka, akaliacha bomba la gesi linawaka. Nikalielekeza begani. Bega likalainika vizuri kabisa, hata nikacheka peke yangu. Nikaongeza kidogo. Mkono ukashuka, kifua kikafuata, na nusu ya uso ikatiririka ndani ya bakuli la kuchomea dhahabu. Mzee aliporudi alinitukana kwa Kikurya, matusi ambayo sikuwahi kuyasikia, na mimi ni mtaalamu.

Njiani niliandaa utani: kwamba imepata ajali kazini. Nilipomwona mama amesimama mlangoni nikauacha, nikamnyooshea roboti. Ningewezaje kumtamkia yeye maneno hayo?

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nitatafuta nyingine Sirari, kabla hajarudi."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapitisha kidole pale uso ulipokuwa. Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri tu. Akaiweka mezani, akalitazama kabati.

"Toa na hizo tatu," akasema. "Nataka kuweka vikombe."