Bi Katoni na Shuka za Migomba

Mtaa mzima ulimwita Bi Katoni, kwa sababu ujana wake uliishia kwenye kiwanda cha makatoni, akikoroga rojo ya karatasi. Kiwanda kilipofungwa alirudi kwenye shamba la nyuma ya nyumba, aliloachiwa na marehemu mumewe, akapanda nyanya. Kama wenzake, alitandaza nailoni nyeusi juu ya matuta ili magugu yasiote na udongo usikauke. Nyanya zilistawi kwelikweli. Baada ya mavuno nailoni ilichanikachanika, upepo ukaitawanya.

Upande wa pili wa ua aliishi wifi yake, dada wa marehemu. Ng'ombe wake alianza kukataa majani, tumbo likavimba, akafa. Daktari wa mifugo alipompasua, alitoa bonge jeusi la nailoni, kubwa kama mto wa kulalia.

"Hiyo ni ya kwako," wifi alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Tangu hapo wakikutana kisimani alimpita kama anapita nguzo.

Bi Katoni aliokota nailoni shamba zima kwa kupiga magoti. Alipomaliza, macho yake yakaangukia mashina ya migomba yaliyokuwa yakioza pembeni. Rojo anaijua. Akayakatakata, akayachemsha na majivu, akayaponda kinuni, akaimwaga rojo juu ya wavu wa dirisha bovu na kuianika. Ikatoka shuka ya kahawia, yenye sura mbaya. Akaitandaza kwenye tuta. Mvua ya kwanza ikaiyeyusha yote.

"Mama, sasa unalinywesha shamba uji?" binti yake alimtania kwenye simu.

Alicheka naye. Simu ilipokatika, akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

Akajaribu tena: akaichanganya rojo na maganda ya mahindi, yenye nyuzi ngumu, akaigandisha kwa uji mwepesi wa unga wa muhogo, kisha akaikandamiza kwa mawe. Shuka hiyo ilinyeshewa na mvua, ikabaki.

Asubuhi moja alikuta ndama wa wifi amepenya uani, anatafuna shuka, nusu imeshaingia mdomoni. Bi Katoni akashika ncha na kuvuta. Ndama naye akavuta.

"Wifi! Njoo! Namuua na huyu!"

Wifi akaja mbio, pekupeku. Akamtazama Bi Katoni anavyovutana na ndama, akainama, akamega kipande cha shuka, akanusa, akatia mdomoni.

"Umeweka nini humu?"

"Mgomba, maganda ya mahindi, majivu na muhogo. Basi."

"Chakula cha ng'ombe hicho, dada. Mwachie."

Hata hivyo walikaa benchi moja kutwa nzima wakimchunga ndama, kila mmoja akimpapasa tumbo kwa zamu. Walianza kwa kuzungumzia kinyesi chake, wakaishia kumzungumzia marehemu, jambo ambalo tangu msiba hawakuwahi kulifanya pamoja. Ndama alilala salama.

Shuka zile hazikuishinda nailoni. Magugu mawili matatu yalipenya, na nyanya zilichelewa kidogo kuiva. Lakini mavuno yalipokwisha shuka zilikuwa zimelainika, jembe likazichanganya na udongo.

Siku hizi wifi huja na kisu chake mwenyewe cha kukatia mashina, na domo lake pia.

"Nene mno hii, itakauka mwakani!"

"Wewe koroga," Bi Katoni humjibu. "Kiwandani tungekufukuza siku ya kwanza."