Matairi Manne ya Kumpandisha Baba Munanila

Simu ilinikuta Kibondo nikiwa bado juu ya mswala, swala ya alfajiri nimetoka kuimaliza. Aliyepiga ni Nkunzimana, fundi wa pancha aliyefanya kazi na baba yangu miaka kumi na tisa pale Kasulu. Nkunzimana hapigi simu, yeye hubipu. Nilipoona inaita mpaka mwisho, nikajua.

"Mama Faudhia," alisema.

"Sema tu."

"Mzee hayupo tena. Alikwenda bombani kutawadha, akakaa chini. Hakuinuka."

Nilisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nililisema kwa sauti, lakini nikalisikia kama linasemwa na mtu mwingine aliye chumba cha pili. Nikakunja mswala, ncha kwa ncha. Nikabandika chai, ikachemka, nikaimwaga. Mume wangu aliponiuliza kuna nini, nilimjibu kwamba baba amefariki na kwamba naomba aangalie kama kuna gari la saa kumi na mbili na nusu. Nilitamka yote mawili kwa sauti moja.

Kwenye basi nilikaa dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake. Niliangalia matairi ya kila gari tuliloliona limeegeshwa njiani. Sikuwa nikitafuta chochote, ni mazoea tu. Nimelelewa na muuza matairi.

Baba yangu aliitwa Lukmani. Alizaliwa Munanila, juu milimani karibu na mpaka wa Burundi, nyumbani kwa watu wa maharage na kahawa. Ujana wake aliumalizia Tanga, kwenye karakana ya kuvisha matairi ngozi mpya. Alirudi Kasulu miaka ile malori ya wakimbizi yalipokuwa yanapita usiku na mchana, akafungua banda la mabati karibu na stendi, akauza matairi ya mtumba. Aliuza hapo mpaka siku aliyokufa. Hakuwahi kuwa na kibao cha duka. Watu walisema tu, nenda kwa Lukmani.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono wa kupima. Tairi likiletwa hakuliangalia kwanza, alilibonyeza. Aliweka ukucha wa dole gumba kwenye mpira, akakandamiza, akasubiri kuona kama alama inarudi. Kisha alichomoa njiti ya kibiriti aliyoitia alama kwa wembe, akaichomeka kwenye mifereji ya tairi kupima kina chake. Mwisho alisoma zile tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, na hapo ndipo alipofungua mdomo. Mimi alinifundisha hayo yote nilipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Nilikaa naye bandani miaka mitano, hadi nilipoolewa Kibondo.

Alikuwa na sharti moja lililomfukuzia wateja. Mvua zikianza, mtu mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hakumuuzia matairi mawili. Ni manne, ya namna moja, au uende kwa mwingine. Watu walikasirika. Kila dereva wa huku anaamini kwamba kama gari linasukuma nyuma, basi matairi mazuri yafungwe nyuma, na mbele pakae yoyote yaliyobaki.

"Sababu ni mimi mwenyewe," aliniambia siku moja. Zamani alimuuzia matairi mawili kijana mmoja wa Munanila aitwaye Venanti, mwenye pikapu. Venanti akayafunga nyuma, mbele akaacha vipara. Alipanda mlima vizuri sana. Kwenye kuteremka kuelekea mtoni alikata usukani, magurudumu yakageuka, gari likaendelea kwenda mbele vilevile. Liliishia majini. Venanti alitoka na mguu ambao haujapona hadi leo. Hakumlaumu baba. Baba alijilaumu mwenyewe, na kila Idi alimpelekea sukari na mchele. Venanti ni Mkatoliki, na kila Krismasi alimshushia baba mkungu wa ndizi.

Kitu kingine kilichowachekesha watu ni matairi ya barafu. Hayo huja kutoka Japani, yamevuliwa kwenye magari ya mtumba. Huko hutumika wakati wa theluji. Mpira wake ni laini hata asubuhi ya baridi, na umejaa mikato midogo midogo kama umepitishiwa wembe. Madereva wa lami hawayataki, kwa kuwa jua linayala upesi. Baba aliyanunua yote aliyoyapata.

"Mzee Lukmani," nakumbuka dereva mmoja alimcheka, "hapa Kasulu barafu iko wapi, kwenye friji la soda?"

"Umewahi kupanda Munanila mwezi wa nne?"

"Nimepanda sana."

"Basi barafu umeiona. Ya kwetu ni nyekundu."

Nilifika Kasulu saa nne. Uani kulikuwa na turubai limefungwa kwenye mti wa mpera na watu wameshajaa. Mama alikuwa ndani, amefunikwa khanga. Nilimshika miguu, akasema, "Umekuja," nikasema, "Nimekuja." Sikulia. Nilitegemea kulia nikifika pale, nikafika, na haikuwa hivyo.

Nje wanaume walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini. Baba alikuwa ameacha wosia wa mdomo, na ameurudia mbele ya watu wengi: azikwe Munanila, ubavuni pa mama yake. Alikuwa amelipalilia eneo hilo kwa mkono wake. Lakini mvua ilikuwa siku ya tatu. Lami ingewafikisha karibu na mlima. Kutoka hapo ni udongo, kwanza mteremko mpaka mtoni, kisha kupanda hadi kijijini. Jana yake Noah moja ilikuwa imelala mtaroni pale pale. Magari mawili tuliyoyajua ya kuvuta magurudumu yote, moja lilikuwa Kigoma na jingine halikuwa na giaboksi. Lililobaki ni Hiace ya mdogo wangu Nurudini, ambayo inasukuma nyuma, na ambayo kwa kukimbia lami kila siku ilikuwa imemaliza matairi. Baba alikuwa amemwambia mara tatu aje abadilishe.

Shehe wa msikiti wetu alisema kwa upole, "Maiti haicheleweshwi. Tukishaswali adhuhuri, kama gari liko tayari na mmeridhika nalo, nendeni. Kama haliko, tunamzika hapa Kasulu, na Mwenyezi Mungu anajua nia yenu."

Adhuhuri ilikuwa saa saba. Zilibaki saa tatu pungufu.

Nurudini alinifuata. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada, twende bandani. Nkunzimana ameshafungua."

Baba mdogo Athuman alisikia, akanitazama. "Zena ndiye anayekwenda kuchagua matairi? Leo? Wanawake wako ndani, wewe unakwenda kwenye gereji?"

"Baba mdogo, nani mwingine anayejua rundo lile?" nilimuuliza. Sikuuliza kwa ubishi. Alifikiri, akatazama chini, akasema, "Haya, jifunike vizuri, mvua hiyo."

Bandani palikuwa kama baba alivyopaacha jana jioni. Koti lake lilikuwa kwenye msumari. Nkunzimana alikuwa ameshawasha kompresa na kupandisha Hiace kwenye jeki. Aliniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kama asubuhi nyingine zote, kisha akaona haya.

Nurudini alikuwa ameshateua yake. Yalikuwa matairi mawili ya matope, mapya kidogo, meno makubwa kama ya trekta. "Haya hapa. Tunafunga nyuma, tunaondoka. Nyuma ndiyo inasukuma."

"Na mbele?"

"Mbele yanakaa yaliyopo. Dada, tunapanda mlima, hatushindani mbio."

"Kabla ya kupanda mnateremka, Nuru."

Aliyageukia magurudumu ya mbele. Habari ya Venanti tumekua nayo sote.

"Lakini ya barafu yatajaa matope," alisema. "Ile mikato midogo, udongo wetu utaiziba yote. Baba mwenyewe alisema."

Alisema kweli. Baba alisema hivyo, kwamba kwenye tope la kina tairi la meno makubwa linajitapika matope, na la barafu linashiba. Nilisimama mbele ya rundo. Nilitaka niwe na mtu wa kumuuliza, na mtu wa kumuuliza alikuwa anaoshwa wakati ule. Nilijaribu kuisikia sauti yake na sikusikia kitu. Basi nikafanya kazi kama alivyonifundisha. Nilibonyeza. Nilichukua njiti yake kwenye mfuko wa koti, nikapima.

Namba ya matairi ya Hiace ile nilikuwa naijua kwa kichwa. Ya barafu ya namba hiyo yalikuwa matano. Moja lilikuwa na uvimbe ubavuni, nikalisukumia mbali. Matatu yalikuwa ya mwaka mmoja, laini, kina chake kimefika alama. La nne lilikuwa kuukuu kuliko hayo kwa miaka mitatu, mpira umeanza kukaza, lakini halikuwa na ufa.

"Tope la pale lina kina gani?" nilimuuliza Nkunzimana. Yeye alikuwa ametoka huko jana.

Alionyesha kwenye kidole chake, pingili mbili. "Chini ni kugumu. Juu ndiyo sabuni."

"Basi si la kushiba," nikasema. "Ni la kuteleza. Funga manne ya barafu."

"Zena," Nurudini aliniita kwa jina, kitu ambacho hakifanyi. "Likinasa na baba ndani?"

"Likinasa mtashuka na kusukuma. Likiteleza mtoni hamtashuka."

Nkunzimana hakungoja. "Ego," aliitikia kwa Kiha, akaanza kufungua nati. Lile kuukuu alitaka kujua liende wapi. Nilimwambia mbele, kwa kuwa nyuma ndiko kunakosukuma na kubeba, na liwe upande wa mlima, si upande wa korongo. Upepo nilimwambia apunguze, akapunguza bila kuniuliza ni kiasi gani. Matairi ya meno nilimwambia Nurudini aache pale pale. Kisha nikakumbuka jambo lingine ambalo baba aliwaambia madereva wote wa magari ya nyuma, kwamba mzigo ukae juu ya ekseli, usikae katikati.

"Mkimlaza, mlazeni nyuma kabisa," nilisema. "Na wanaume wazito wakae naye huko."

Nurudini alitikisa kichwa kukubali. Ndipo akageukia ukuta, akalia, paji la uso kwenye mabati. Nkunzimana aliendelea kukaza nati. Mimi nilishika spana ya pili nikamshikia.

Ilikuwa saa saba kasoro robo tulipomaliza.

Walinipitisha kumwona kabla hawajamfunika uso. Alikuwa amekwisha kuvishwa sanda, karafuu maiti inanukia. Mjomba aliyemwosha aliniambia kwa kunong'ona kwamba wamejitahidi sana, lakini weusi wa mpira kwenye dole gumba umekataa kutoka. Nikasema si kitu. Nilimwombea, nikamsamehe na kumwomba anisamehe. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma tarakimu.

Walimswalia msikitini. Jeneza waliliingiza Hiace, likasukumwa mpaka nyuma kabisa. Baba mdogo Athuman, aliye mnene kuliko wote, aliambiwa akae huko, akapanda. Gari liliondoka saa saba na nusu. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Nilisimama getini nikaangalia alama zilizobaki kwenye matope ya uani. Zilikuwa nne, zimekatika vizuri, mpaka mvua ikazijaza maji.

Mchana ule nilimenya viazi. Nilimenya sufuria kubwa, nikaletewa nyingine. Kule juu mtandao wa simu hupotea, na kila mtu alijua, lakini kila mtu aliniuliza kama Nuru amepiga. Mama alinong'ona tasbihi. Ikaadhiniwa alasiri, tukaswali. Niliposujudu sikuwa na dua nyingine ila ile ya mteremko.

Nurudini alipiga saa kumi na moja na dakika kadhaa.

"Tumemzika," alisema.

Nilimwomba anieleze, akaeleza polepole, kama anayetoa ripoti. Kwenye kuteremka aliweka gia namba moja na hakugusa breki. Mbele palikubali kukata kona. Mtoni walipita. Kwenye kupanda gari lilizunguka bure mara mbili, matairi yamejaa, wanaume sita wakashuka wakasukuma, baba mdogo akabaki nyuma na baba. Likapanda. Watu wa kijijini walikuwa wamechimba tangu asubuhi na kuzuia maji kwa majani ya migomba. Waliingia kaburini watatu, Nurudini kichwani. Walimlaza ubavu wa kulia, uso kibla, wakafungua vifundo vya sanda, wakapanga mbao. Kila mtu alitupa udongo mara tatu. Venanti alikuwepo, amesimama na fimbo yake, naye akatupa. Udongo ulikuwa umelowa, kwa hiyo hawakumwagia maji. Shehe alisoma dua, wakaitikia amina. Wakanawa mikono mtaroni, wakapanda gari, wakaanza kurudi, na hapo alikuwa ananipigia wakiwa wameshaifikia lami.