Bidoni la Maji ya Bahari

Asubuhi moja, ndugu yangu, nilitoka nyumbani Butembo bila kujua naenda wapi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikaratusi, na bibi alikuwa kwenye misa ya kwanza. Shule nilikuwa nimeiacha tangu askari walipolala ndani ya madarasa yetu. Ilipofunguliwa tena wenzangu walirudi, mimi nikawa nimeshazoea kuzunguka. Jirani yetu, dereva wa lori la kahawa, alikuwa anapasha injini moto. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefunguliwa siku ile, baada ya majuma mengi ya mapigano. Nikamuuliza anaelekea wapi. Akasema Mombasa, nipande juu nimsaidie kufunga turubai. Nikapanda.

Ujue kwanza njaa yetu ilikuwa ya namna gani. Ndizi zilikuwepo, maharagi yalikuwepo, viazi vya Lubero pia. Kilichokosekana ni chumvi. Ilikuwa inakuja kwa njia hiyohiyo ya Kasindi, na njia ilipokatika, iliisha madukani hata kabla ya sabuni. Bibi alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji ya jivu katika chungu chenye tundu, akapikia hayo. Bado nasikia harufu ya moshi ule, na maharagi yenye ladha ya kuni. Sisi watoto tulimeza tu. Yeye alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani, na mkono wake ukakonda hadi rozari aliyoizungushia ikawa inateleza na kuanguka.

Sitakudanganya kwamba nilimfikiria njiani. Tulipofika mji wa Beni, dereva alininunulia samaki wa ziwa, nikalamba vidole. Kasindi, pale mpakani, maduka yalikuwa yamefungwa, nikabaki kuwashangaa wabadili pesa na noti zao za nchi tatu. Kisha Uganda ikapita, Kenya ikapita, nami juu ya magunia ya kahawa nikipiga mluzi.

Mombasa ilinilevya. Nilipita chini ya zile pembe kubwa za barabarani, mfano wa pembe za ndovu, nikaizunguka ngome ya Wareno nikipapasa kuta zake, nikala viazi karai kwa ukwaju. Marikiti nilinusa iliki mpaka nikaipigia chafya, muuzaji akanifukuza. Jumapili nikafuata watu hadi ufukweni. Ngamia walitembezwa, watoto walielea juu ya mipira ya magurudumu, wanawake waliingia majini na nguo zao zote. Nikaingia hadi kifuani. Wimbi likanipiga mdomoni.

Chumvi. Watu walikuwa wanaogelea ndani yake, wanaitema, wanaoshea miguu. Nilitoka mbio. Kwa muuza madafu nilibadilisha mkanda wangu kwa bidoni tupu la manjano, dumu la plastiki, nikarudi kulijaza, mkono mmoja umeshika suruali isinivuke.

"Wayapeleka wapi maji hayo?" akaniuliza muuza madafu nilipopita tena.

"Ni ya kupikia maharagi."

Alicheka hadi akaegemea mkokoteni wake, akawaita wenzake waje wamwone mtu wa bara. "Kwani kwenu hakuna chumvi?"

"Iko," nikasema. "Iko mingi sana."

Nimelala katika miji mingi tangu siku ile, na maneno hayo bado yananichoma usoni. Nilitaka tu yule mtu aache kucheka. Hakuacha.

Dereva alikuwa ameniambia lori linaingia bandarini, nijitafutie pa kulala. Nyumba mbili za wageni zilinikataa, kijana asiye na mkanda na bidoni linalovuja. Ya tatu ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza, na mama mmoja wa makamo amekaa akichambua mchicha.

"Mwanangu, humo mna nini? Sitaki mafuta ya taa ndani mwangu."

Ulimi ulikuwa tayari kusema uongo mwingine, lakini nilikuwa nimechoka. "Ni maji ya bahari, mama. Koko yangu, ule bibi ya kwetu, hapana kula tena. Vita ilikata njia, chumvi hapana. Nitaichemusha, nimutumie."

Aliweka mchicha chini, akanyoosha kidole kwenye duka la ng'ambo ya njia. Mlangoni pakiti za chumvi zilikuwa zimepangwa kama matofali, vumbi juu yake. Nilikuwa nimepita pale mara mbili. Haikuniingia akilini kwamba chumvi ni kitu cha kununua, kama kiberiti.

"Yamwage, baba, yatanitobolea sufuria," akasema polepole. "Chumba kipo."

Niliyamwaga kwenye mfereji wa uani, yakachukua muda mrefu kuisha. Mama akaniletea kamba ya kufungia suruali na mahamri mawili, akanionyesha kitanda chenye shuka safi. Kabla duka halijafungwa niligeuza pesa zote nilizobakiwa nazo kuwa chumvi, nikamsimulia dereva niliyoyaona ufukweni, naye akaondoka nayo kurudi Butembo. Mimi nikabaki.

Siku hizi jiko la bibi halipo, wala yeye, na kule Butembo sijui kama yuko anayejua bado kuchuja jivu. Nilikutana na yule dereva miaka mingi baadaye. Alinisimulia kwamba bibi aligawa nusu ya chumvi kwa majirani, akipita mlango kwa mlango na kumwambia kila mmoja, "Mujukuu yangu anakaa kule, fasi batu banaosha miguu na chumvi." Alikuwa anajivuna sana, dereva akasema, akaningoja nicheke. Nikamkumbuka muuza madafu, nikatazama chini.