Moshi wa Mwaloni kwa Wilburn Zapalac

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi, Nadine Orsak alitoka uani kuanika mashuka, akasimama ghafla na kibanio mdomoni. Alisikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa takataka wala wa majani makavu. Ulikuwa moshi wa mwaloni, kuni zetu za kuchomea nyama, mzito, wenye uchungu kidogo, lakini mwaloni hasa, ule ambao mtoto wa Novina anaujua kabla hajajua kutembea. Mwaka mwingine angemeza mate. Siku hiyo alitema kibanio, akaacha mashuka kwenye kapu.

Kaunti yetu ilikuwa katika wiki ya saba chini ya marufuku ya moto. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei, nyasi zilivunjika chini ya kiatu kama biskuti, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kuni nje, hata kijiti. Kwa kupikia uani iliruhusiwa gesi tu. Nadine hakuhitaji sheria imkumbushe. Miaka miwili nyuma moto ulianzia upande wa reli ukala nyumba kumi na tisa, na yake ilikuwa ya tano. Alitoka na mkoba, miwani na paka. Aliporudi alikuta dohani peke yake imesimama, akajenga upya palepale.

Aliufuata moshi kwa pua mpaka kwenye uzio wa mashariki. Ng'ambo ya uzio ni kwa Wilburn Zapalac.

Mimi nina duka la chakula cha mifugo, gesi na vitu vidogo vya nyumbani hapa Novina, mwaka wa ishirini na sita sasa, na Wilburn nimemjua muda wote huo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, mtu wa maneno machache na mikono kama makoleo. Maisha yake yote alitengeneza pampu za visima na vinu vya upepo vya wafugaji. Lakini watu hawakumheshimu kwa pampu. Walimheshimu kwa tanuri la matofali lililo nyuma ya nyumba yake, alilolijenga babu yake, ambamo yeye na kaka yake Ladis walichoma nyama ya sikukuu ya parokia kila Septemba kwa kuni za mwaloni. Ladis alipopooza upande mmoja na kuhamishiwa nyumba ya wazee, Wilburn aliendelea peke yake.

Gesi aliichukia kama dhambi. Mkwewe alipomletea jiko la gesi la kuchomea nyama kutoka Houston, zuri, linang'aa, alilitia bandani akalifunika turubai. Na mtu mmoja alipothubutu kwenye kikao cha parokia kusema labda tununue majiko ya gesi, Wilburn alisimama, na si kawaida yake kusimama.

"Nyama ya gesi," alisema, "ni harusi isiyo na bibi harusi. Mnakula keki, mnarudi nyumbani, hamjui mlikwenda kufanya nini."

Watu walicheka mwaka mzima. Kwa hiyo moshi ulipoanza kutoka kwake, hakuna hata mmoja aliyewaza gesi.

Nadine alizunguka hadi getini, akaita.

"Wilburn! Unachoma nini humo?"

Wilburn alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, akasimama upande wake wa geti. "Sichomi kitu, Bi Nadine."

"Kumbe pua yangu ndiyo mwongo?"

"Joto hili. Pua zinachanganyikiwa."

"Shati lako linanuka moshi mpaka huku nilipo."

"Moshi wa mwaka jana huo."

"Na tangu mwaka jana hulifui?"

Wilburn alisukuma geti likafungika, kisha akafanya jambo ambalo Nadine hakuwahi kuliona katika miaka thelathini ya ujirani wao: alitia kufuli.

Nadine alirudi nyumbani akampigia simu Rudy Teplicek, mkuu wa zimamoto wetu wa kujitolea. Rudy alifika na pikapu nyekundu, akafunguliwa, akapelekwa moja kwa moja kwenye tanuri. Mchana huohuo alikuja dukani kwangu, akaegemea kaunta.

"Tanuri limelala," aliniambia. "Nimetia mkono ndani. Baridi. Buibui amejenga mlangoni. Lakini nakuapia, kaka, harufu ipo. Nimekagua pipa la takataka, nimekagua chini ya ngazi. Bandani tu ndiko hakunifikisha. Alisimama mlangoni kama kuku anayelalia mayai."

"Ungemsogeza."

"Wilburn? Msogeze wewe."

Jumamosi iliyofuata moshi ulitoka tena, na iliyofuata vilevile. Maneno nayo yakaanza. Mmoja alisema mzee ameingiwa na wazimu tangu kaka yake aondoke nyumbani. Mwingine alisema anachoma kwa siri nyama za kuuza Austin. Na mimi nikaongeza yangu, maana nilikuwa na ushahidi wa dukani: mtu anayekaa peke yake alikuwa amenunua karatasi ya foili mizunguko minne ndani ya wiki tatu, na mtungi wa gesi alikuwa ameujaza mara mbili. Anafunga nini kwenye foili yote hiyo? Nilisema hayo kwa watu watatu, na lazima nikiri, niliyasema kwa raha. Kufika Jumapili, maneno yangu yalikuwa yameota miguu, na Wilburn alikuwa anapika dawa za kulevya. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Aliona. Alifungua kitabu cha nyimbo, akaimba kama kawaida.

Jumamosi ya nne ya Agosti Nadine aliamua imetosha. Alichukua mtungi wa kuzimia moto alionunua baada ya kuunguliwa, mwekundu, mzito, akapenya kwenye tundu la uzio lililoachwa na ng'ombe. Milango mikubwa ya banda ilikuwa imefungwa. Mlango mdogo wa nyuma uliachwa wazi upana wa kiganja, na hapo ndipo moshi ulipotokea, mwembamba, wa rangi ya samawati. Aliusukuma kwa nyonga akaingia.

"Usisogee!" alisema.

Wilburn alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake jiko la gesi la mkwewe lilikuwa linang'aa, kifuniko kimefungwa, turubai limetupwa pembeni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa bila nguo.

"Bi Nadine, shusha hicho kitu. Utaniharibia nyama."

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto."

"Moshi bila moto? Mimi si mtoto wa Komunyo ya kwanza, Wilburn. Fungua!"

Alifungua. Upande wa kulia, juu ya wavu usio na moto chini yake, palikuwa na kipande cha kidari cha ng'ombe na soseji nne, vimegeuka hudhurungi vizuri. Upande wa kushoto uliwaka mwali mdogo wa gesi, na juu yake pamekaa kifurushi cha foili, bapa kama mto wa mtoto, kimetobolewa matundu matano. Moshi ulitoka kwenye matundu hayo.

Nadine alitazama kifurushi, akatazama mtungi wa gesi, akamtazama Wilburn.

"Hii ni gesi."

"Sema polepole."

"Wewe! Wilburn Zapalac! Gesi!"

"Nimesema polepole, mama wee." Akashusha sauti yake mwenyewe. "Ita sherifu ukitaka. Mwambie nimevunja marufuku. Mwambie nilitaka kuchoma nusu ya kaunti. Ila usimwambie mtu kwamba ni gesi."

"Bora uonekane mchoma nyumba za watu?" Hapo sauti ya Nadine ilibadilika. "Wiki tatu, Wilburn. Wiki tatu nalala na viatu miguuni, mkoba mlangoni, paka nimemfungia kwenye kikapu. Kumbe ni aibu yako tu?"

Wilburn aliniambia baadaye kwamba hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja. Alikuwa amefikiria watu watasema nini, hakuwa amefikiria Nadine anasikia nini akisikia moshi. Aliketi tena juu ya ndoo, na pale ndipo alipoeleza.

Ladis alikuwa ameacha kula. Tangu Julai alikuwa anarudisha sahani kama zilivyokuja, amebaki mifupa na macho. Muuguzi alipomuuliza anataka nini, alisema anataka nyama ya kwao. Tanuri halikuruhusiwa. Kwa hiyo Wilburn alilifunua lile jiko la mkwewe. Mara ya kwanza aliloweka vibanzi vya mwaloni kwenye maji usiku kucha, kwa kuwa aliwahi kusikia hivyo, akavifunga na kuviweka juu ya moto mkali. Ukatoka moshi mweupe, mzito kama mvuke wa treni. Ladis alitafuna mara moja akatema. "Umepika kwenye bomba la lori?" alimuuliza. Mara ya pili aliweka vibanzi vikavu, lakini alitoboa foili ovyo kama chujio, hewa ikaingia, vikashika moto, vikaisha ndani ya dakika kumi. Mara ya tatu alitoboa matundu matano tu, akapunguza mwali, akangoja moshi uwe mwembamba ndipo aweke nyama. Ladis alikula soseji mbili na kulamba vidole.

"Akaniuliza nimechoma kwa kuni gani. Nikamwambia mwaloni." Wilburn alikuna shingo. "Si uongo."

"Ni nusu ya ukweli," alisema Nadine, lakini alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameinua pua. Alipika kwenye jiko la shule miaka thelathini na mmoja, na chini ya harufu ya mwaloni alinusa nyingine, kama yai viza. "Zima hilo jiko. Fungua milango yote miwili. Una sabuni ya vyombo?"

"Ya nini sasa?"

"Lete."

Milango ilifunguliwa, banda likapata hewa. Nadine alipaka povu kwenye mpira wa gesi kuanzia mtungini, na pale unapoungana na jiko povu likaanza kuvimba, tone baada ya tone, kama chura anayepumua. Alifunga mtungi kwa mikono miwili.

"Unaona? Na wewe umekaa hapo kama sanamu, milango imefungwa. Hata usingevuja, jiko hili ndani ya banda lililofungwa lingekulaza usiamke. Halafu nani angempelekea Ladis soseji?"

Wilburn alipasua povu moja kwa kidole. "Nitanunua mpira mwingine."

"Nunua. Na jiko litoke nje."

"Nje wataona."

"Waone."

Saa moja baadaye Wilburn alikuwa dukani kwangu. Aliweka mpira mpya juu ya kaunta. Nikashindwa kujizuia.

"Unapika nini siku hizi, Wilburn?"

"Soseji," alisema. "Kwa gesi. Sasa nenda kawaambie wale watu wako watatu."

Sijui alijuaje walikuwa watatu. Nilimhesabia chenji macho yakiwa kwenye kaunta.

Ungedhani maneno yaliishia hapo. Wapi! Jiko liliposimama uani mchana kweupe, watu walikuja uzioni kulitazama kwa macho ya pembeni, wasiamini. Gesi haiwezi kutoa harufu ile, walisema. Ana kuni mahali. Rudy alipiga magoti akachungulia chini ya jiko na tochi. Mzee mmoja wa kamati ya parokia alishikilia kwamba ni ile dawa ya kutia nyama harufu ya moshi inayouzwa kwenye chupa.

"Tafuta chupa," Wilburn alimwambia. "Ukiipata, inywe."

Marufuku haikuondolewa, na sikukuu ilikuwa Jumapili ya pili ya Septemba. Mwishowe kamati yenyewe ilimwendea. Yakaazimwa majiko sita, Nadine akakagua mipira yote sita kwa povu lake, akalikataa jiko moja hadharani mbele ya mwenyewe. Wilburn alikata vibanzi, akafunga vifurushi, akatembea kutoka jiko hadi jiko akiwapiga watu vidole kila walipotaka kufunua. Mchana bibi zetu walipokea sahani wakainusa kwanza, wakageuza kipande juu chini kama wanaotafuta muhuri wa bandia. Wengine walisema ni nzuri. Wengine walitafuna bila neno. Saa nane hakikubaki hata kipande cha ngozi ya soseji. Alipoulizwa mwenyewe, Wilburn alisema si sawa na tanuri, na asingedanganya mtu kwamba ni sawa, lakini mtu anaweza kula akashukuru.

Jioni alipeleka sahani nyumba ya wazee. Nadine alikwenda naye, ndiye aliyenisimulia. Wilburn alisimama mbele ya kitanda na kofia mkononi.

"Kaka, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu hii nyama."

"Ni gesi," alisema Ladis.

"Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Miaka arobaini nimekula nyama yako ya kuni, na kila mara natafuna majivu, maana hujui kupangusa. Ghafla inakuja safi kama ya hospitali."

Wilburn aligeuza kofia mara mbili tatu. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeona haya, ungeacha kuja." Ladis alivuta sahani kwa mkono wake mzima. "Nipe haradali."

Mvua ilifika katikati ya Oktoba na marufuku ikaondolewa. Ladis aliishi mpaka baada ya Pasaka. Jumamosi zote hizo Wilburn alimpelekea chakula, siku nyingine cha tanuri, siku nyingine cha jiko, na kila mara alimwambia kama kimepikwa kwa kuni au kwa gesi kabla hajaulizwa.