Miaka Yangu na Wajamaa wa Majitaka

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara alinipokea kwa soda ya moto na mada ambayo wahadhiri wenzake wote walikuwa wameikimbia. Chuo chetu cha hapa Morogoro kilifunza maofisa watendaji, yaani wale wanaosimamia kazi za serikali kwenye kata na mitaa. Mada yenyewe ilikuwa historia ya wajamaa walioongoza miji ya Marekani. Nilidhani ananitania. Mimi Mluguru wa Matombo, bahari yenyewe nimeiona nikiwa mtu mzima, ningejua nini kuhusu Marekani? Akanijibu kwamba hata yeye hajui, ndiyo maana ameajiri mtu.

Basi nikasoma. Mji uliojulikana zaidi kwa mambo hayo ni Milwaukee, mji wa viwanda kando ya ziwa kubwa, wenye wahamiaji wengi wa Kijerumani. Mto wake ulinuka, maradhi yalizoeleka, na viongozi walikula rushwa bila kunawa. Wafanyakazi wakachoka, wakamchagua meya mjamaa, na kadiri miaka ilivyokwenda wakapata wengine wawili. Hawakupindua kitu. Walishughulikia majitaka, ndiyo yale yanayotoka chooni na jikoni, wakahimiza afya, wakatunza ufuko wa ziwa uwe bustani ya watu wote. Wajamaa wenzao wa kwingineko, waliokuwa wakingoja mapinduzi, waliwacheka wakawaita wajamaa wa majitaka. Wenyewe wakalipokea jina hilo kwa fahari, na hapo ndipo waliponiteka moyo.

Kuwafundisha watendaji ilikuwa shughuli nyingine. Katika jaribio la kwanza, bwana mmoja kutoka Dodoma alieleza jinsi Wamarekani walivyopakiwa kwenye malori, wakapelekwa porini na kupewa majembe walime shamba la pamoja. Wenzake wengi waliandika hivyohivyo, na wala hawakuibiana majibu. Kwao ujamaa ulikuwa kijijini. Mjini walikumbuka foleni ya sukari tu. Nilicheka hadi machozi, kisha nikaweka chaki chini, maana niliona ubao peke yake hautanifikisha popote.

Toka hapo kila darasa nililipeleka kwa miguu. Mara ya kwanza tulianzia juu, Mto Morogoro unaposhuka kutoka Uluguru maji yakiwa bado yanang'aa, tukaufuata hadi unapopita nyuma ya nyumba na gereji. Kila tuliposimama niliuliza: hapa pakiziba, anakuja nani? Tulifunua chemba, yale mashimo ya kukagulia mabomba, na mabwana waliovaa tai wakaziba pua. Mama mmoja muuza mchicha alituuliza kama tumepoteza kitu. Jioni hiyo hakuna aliyeniandikia habari za majembe.

Baadaye halmashauri iliniazima, nikakaa idara ya afya kwa muda. Afisa Afya wa pale alikuwa mchoyo wa maneno, lakini alinipa moja nililolitumia hadi nastaafu. "Mwalimu," aliniambia, "diwani anakata utepe wa jengo. Umeshaona anayekata utepe wa bomba la choo?"

Niliporudi chuoni nilimkuta Mkuu wa Chuo mpya. Huyo alikuwa na haraka ya kwenda na wakati. Alinieleza kwa upole kwamba ujamaa umekwisha hata kwetu tulioutangaza, sasa wa Marekani tunaulilia wa nini? Alitaka mada ifutwe. Nilimwomba jambo moja tu, aje aisikilize kwanza. Usingizi ulinipaa wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa na mambo mengi, lakini mada hiyo ndiyo niliyoipenda.

Akaja, akakaa nyuma kabisa. Nilipomaliza, mama mmoja mtendaji wa upande wa Mikese aliuliza kama Weusi wa mji ule nao walifaidi. Sikuwapaka rangi wajamaa wangu. Nilisema Weusi waliohamia kule walibanwa kwenye mitaa mibovu, na uongozi ule haukulimaliza jambo hilo. Mtaro ukipita kwa jirani ukakuruka wewe, una haki ya kuuliza. Ndipo Mkuu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na hicho chama chao kiko wapi leo?"

"Madarakani hakipo, Mkuu. Lakini bustani bado zipo, na anayevuta maji chooni haulizwi kadi ya chama."

Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Baada ya siku chache aliniita: mada ibaki, ila neno ujamaa litoke, iitwe Huduma za Umma Mijini. Wenzangu walinijua kwa ubishi, wakangoja moto. Nilikubali palepale. Nililia nilipofika nyumbani, sitaficha, maana jina lile nililipenda. Lakini nilijiambia ukitaka cha uvunguni sharti uiname.

Nimestaafu sasa, niko Bigwa na migomba yangu, na sina kinyongo na mtu. Juzi tulikuwa na mkutano wa mtaa. Saruji tuliyochangishana ilikuwa imefika, na mwenyekiti alitaka ijenge ofisi. Mtendaji wetu ni binti mdogo, sikumfundisha mimi, alifundishwa na aliyenirithi. Akasimama, akatuamkia shikamoo sisi wazee, akasema ijenge mtaro kwanza, kwa sababu mvua za masika zikianza kinyesi kitaingia tena kisimani. Mzee mmoja akamuuliza hayo ni ya chama gani.

"Ya chuoni, babu," alisema. "Kuna mji huko Marekani walianza hivyo. Walikuwa na jina lao, ila nimelisahau."

Jirani yangu, anayeijua kazi niliyoifanya, alinisukuma kiwiko nimkumbushe. Nilimwacha binti aendelee. Mwenyekiti alipouliza nani anataka mtaro, nilinyoosha mkono pamoja na wengine.